Mwimbaji wa bendi ya roki anayeanza kuimba peke yake: ya kushughulikia kwanza

Kabla hujatangaza popote, kaa na wenzako mgawane nyimbo kwa maandishi. Kila wimbo karatasi yake: jina, aliyetunga maneno, aliyetunga sauti, asilimia zinazofika 100, nambari za vitambulisho, sahihi na tarehe. Fanyeni haya mkiwa bado mwala sahani moja. Mkishakosana, hata mpiga dramu atadai nusu ya maneno.

Wimbo na rekodi ni mali mbili. Waweza kutunga kila neno na rekodi ikawa ya aliyelipia studio, nawe usiweze kuipakia mtandaoni kwa jina lako. John Fogerty alitunga karibu nyimbo zote kubwa za bendi yake, Creedence Clearwater Revival ya Marekani, lakini haki zilikuwa za kampuni ya rekodi, na kwa miaka mingi alikataa kuziimba jukwaani. Kwetu Kenya, sajili kazi zako KECOBO, bodi ya hakimiliki. Mirabaha, yaani malipo kazi inapotumika, ya watunzi, ya waimbaji na wapigaji, na ya wenye rekodi ina vyama tofauti. Hakikisha chama kina leseni ya KECOBO kabla ya kujiunga. Wala si lazima uvunje bendi: Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, alitoa albamu yake mwenyewe mwaka 1985 akiwa bado na bendi yake, Queen.

Sasa sauti. Kwenye bendi umezoea kupiga kelele juu ya magitaa na dramu. Ukibaki na gitaa moja, kelele ile ile inaumiza sikio, na koo linachoka kabla ya wimbo wa tano. Jaribu kila wimbo ukiushusha nusu toni, kisha toni nzima. Kapo, kile kibano cha shingo ya gitaa, hupandisha tu, kwa hivyo mpiga gitaa atabadilisha kodi (chords) au alegeze nyuzi zote sita kwa kiwango kimoja.

Na tafadhali, acha kufumbata kichwa cha maiki. Nafasi za nyuma ya kichwa ndizo zinazoizuia isisikie upande wa nyuma; ukiziba kwa kiganja, inasikia kila upande, sauti ya monita, ile spika inayokuelekea jukwaani, inaingia, na mlio unaanza. Shika mpini. Maiki ya kadioidi, isiyosikia nyuma, monita ikae nyuma yake moja kwa moja. Ya supakadioidi, inayosikia kidogo nyuma, sogeza monita pembeni kidogo.

Kazi nyingi za mwanzo utazipata hoteli za ufuoni, Nyali mpaka Diani. Pale hakuna ukuta wa kukurudishia sauti, ndipo watu wanapojikuta wanasukuma koo. Omba monita mapema. Ivishe maiki sponji ya kuzuia upepo. Ukimaliza, pangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu, maana hewa ya chumvi huzila haraka.

Wimbo wa kwanza mpe msambazaji, anayeupeleka kwenye majukwaa ya muziki mtandaoni, wiki nne kabla haujatoka, ukitaja kuwa wewe ni msanii mpya, si bendi. Majina yakifanana, wimbo huangukia ukurasa wa mtu mwingine. Ukiona hivyo, mwandikie msambazaji siku hiyo hiyo, kabla haujatoka.