Jibu: Kukata bamba kwa mashine ya kuchomelea
Ndugu yetu wa Wete, umeuliza kama bamba la chuma la milimita 8 laweza kukatwa kwa mashine ya kuchomelea, maana grenda yako imeungua. Laweza. Tumia elektrodi (kijiti cha kuchomelea) ya aina ya 6011, unene wa milimita 3.2, ambayo moto wake huchimba, upandishe mashine hadi ampea 140 au 150, kisha uanzie ukingoni ukiipeleka ncha juu na chini kama msumeno, ili chuma kilichoyeyuka kidondoke badala ya kuganda tena nyuma yako. Wengine huirowesha elektrodi majini ichelewe kuisha. Mimi siipendi njia hiyo, kwani glavu zilizorowa na umeme havipatani. Mkato utakuwa na makovu, hivyo weka tupa karibu, na makuti yawe mbali.