Ami, umeniuliza Wajerumani wa huku wananung'unikia nini

Shikamoo Ami. Na nyinyi wadogo zangu mnaotaka kuja, someni pia, maana jibu ni lenu sote. Ami aliyesomea ufundi Ujerumani Mashariki miaka ya sabini anasema aliwaacha watu wakipanga foleni ya machungwa na kuwaogopa mashushushu. Sasa wana kila kitu, malalamiko ya nini? Swali la wadogo zangu ni fupi zaidi: kazi zipo?

Ninakaa Halle-Neustadt, upande huo huo wa mashariki ya Ujerumani, mji ulioanza kujengwa 1964 kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya kemikali vya Leuna na Buna. Mkitaka kuuona nendeni Kikwajuni, hapo Unguja, mkasimame mbele ya fleti, kwani waliotujengea zile ndio hawa hawa Wajerumani Mashariki. Zamani mitaa ya huku haikuwa na majina, barua ilifika kwa namba ya bloki. Walikaa watu zaidi ya 90,000. Leo ni kama nusu yao, na majumba mengine yameshabomolewa.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Yupo bibi mmoja wa miaka 84 ambaye kila asubuhi namvisha soksi za kubana miguu na kumpimia dawa zake. Siku moja alinitolea kijitabu cha kijani, kitambulisho chake cha kazi na bima cha enzi zile. Kimejaa mihuri: ameingia kiwandani 1958, amejifungua, amerudi kazini, amelazwa, amerudi tena. Muhuri wa mwisho ni wa 1991. Baada ya hapo kurasa ni tupu, na zile tupu ndizo alizonifunulia mojamoja, kwa kidole, bila kusema neno.

Ami, hapo ndipo lilipo jibu lako. Tarehe 1 Julai 1990 walipewa sarafu ya Ujerumani Magharibi, mishahara ikabadilishwa mark moja ya Mashariki kwa mark moja ya Magharibi. Watu walishangilia. Lakini viwanda vikajikuta vinalipa mishahara kwa fedha nzito huku wateja wao wa Urusi hawana fedha hiyo, na wenyeji wenyewe wamekimbilia bidhaa za Magharibi. Shirika la Treuhand, lililokabidhiwa viwanda vya serikali, likaviuza au kuvifunga kufikia mwisho wa 1994. Na kiwanda huku hakikuwa mshahara tu. Kilikuwa na zahanati, chekechea, kwaya, nyumba za likizo kando ya bahari. Bibi huyu alikuwa na miaka hamsini na kitu, nani angemwajiri? Binti yake alihamia Magharibi kutafuta maisha, na mpaka leo anakuja Krismasi tu.

Msidhani anataka yale yarudi. Miaka ya tisini alikwenda kusoma faili lake la usalama, akakuta aliyekuwa akimripoti ni rafiki wa mlango wa pili, waliyekuwa wakioka keki pamoja. Nilipomuuliza kama alimsamehe, aliniambia nifunge dirisha, baridi inaingia.

Basi wadogo zangu, kazi zipo kwa sababu hiyo hiyo: vijana waliondoka, wazee wakabaki. Ila muanze na lugha kabla ya pasipoti, maana mgonjwa hawezi kukueleza maumivu yake kwa ishara. Na kuna jambo sitawaficha. Wapo wanaotuchukia. Mwaka 2000 huko Dessau, si mbali na hapa, Alberto Adriano wa Msumbiji, aliyekuja kufanya kazi tangu enzi za ukomunisti, alipigwa na vijana wa kinazi mpaka akafa. Watu wananiambia chuki hii inatokana na kupoteza kazi. Mimi siikubali sababu hiyo. Bibi yangu alipoteza kila kitu na hunichemshia kahawa. Mji huu huu wa Halle ulimchagua Karamba Diaby, mzaliwa wa Senegali, kuwa mbunge wake mwaka 2021. Hata hivyo, usiku kwenye tramu nakaa karibu na dereva. Mama, samahani, nilikuwa sijakwambia hilo.

Jumapili karibu maduka yote yanafungwa, simu hailii, theluji inameza sauti. Siku hizo ndizo ngumu kuliko baridi yenyewe.

Ami, ile sauti uliyonitumia ukizungumza Kijerumani nilimsikilizisha bibi. Ulisema ulikuwa ukinunua mkate kwenye Kaufhalle, yaani duka kubwa la enzi zile. Vijana wa leo neno hilo hawalitumii tena, limebaki kwa watu wa rika lenu. Aliniomba nirudie, mara tatu, akaniuliza ulikaa mji gani na kama bado unakumbuka bei ya mkate. Anasubiri jibu. Nitumie kabla ya Jumanne, nikienda nimchezee.