Kisanduku cha kadi dukani bado kinalipa

Mkuu, umeuliza kama duka la vipuri linaweza kutunza taarifa za wateja kwenye kadi za mezani, au ni mambo ya masijala za zamani tu. Mimi nauza vipuri vya injini za boti Kibirizi, hapa Kigoma, na kisanduku changu kipo pembeni ya droo ya hela mpaka leo. Inafaa. Ila kabla ya kununua chochote, jiulize mteja akiingia utamtafuta kwa lipi.

Shida ya daftari ni kwamba linafuata tarehe. Mtu alinunua pistoni mwezi wa pili, karudi mwezi wa nane, unapekua kurasa zote kujua alichukua saizi gani. Kadi unaichomoa, unaongeza mstari, unairudisha. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi karne ya 18, alikimbilia vipande vya karatasi kwa sababu hiyohiyo: mimea mipya ilikuwa inamiminika na kitabu hakina pa kuchomekea. Wafaransa baada ya Mapinduzi yao waliorodhesha vitabu vilivyotaifishwa kwenye karata za kuchezea, ule upande mtupu. Karne iliyofuata, Melvil Dewey wa Marekani akasambaza kadi za kipimo kimoja, sentimita 7.5 kwa 12.5, na mafundi wa makabati wakapata kipimo cha kuchongea droo.

Lile gurudumu la kuzungusha mezani, Rolodex, ni la miaka ya 1950, la Arnold Neustadter wa New York na mhandisi wake Hildaur Neilsen. Kadi zimechongwa chini, zinashika reli, unang'oa moja bila kufungua kitu. Kwa namba za simu ni tamu. Kwa injini silipendi, kadi zake ni ndogo mno.

Sasa kwenye majina. Wazungu hupanga kwa jina la ukoo. Hapa ukifanya hivyo umekwama. Mtu ni Baba Zawadi kwa wavuvi wenzake, kitambulisho kinasema jingine, na risiti anataka iandikwe jina la boti. Mimi napanga kwa mwalo kwanza, yaani pale boti yake inapotia nanga, halafu jina analoitwa. Yale majina mengine kila moja lina kadi yake yenye mstari mmoja: "Tazama Mwamgongo, Baba Zawadi." Ujanja huo ni wa wakutubi. Kadi yenyewe inasomeka hivi: "Mwamgongo. Baba Zawadi. Yamaha 40. Propela ya zamani imepinda, kachukua mpya. Anachanganya oili nyingi, plagi zinaziba." Huo mstari wa oili ndio unaoniuzia, maana akituma kijana na boti ya abiria kuchukua plagi, najua na cha kumwambia bosi wake.

Kuna atakayekwambia kadi zimekufa, na kweli OCLC, shirika lililokuwa likichapia maktaba nyingi duniani, lilichapa za mwisho 2015. Maktaba ina mamilioni ya vitabu, wewe una wateja wa mialo michache. Madeni lakini usiyaweke humo. Kadi inachomoka, na anayedaiwa ana macho. Yaache kwenye daftari lenye kurasa zilizoshonwa.

Kadi usikate kwa mkasi. Nunua manila nzito steshenari, wakukatie kwa mashine yao, maana kadi ikiwa fupi kidogo kuliko wenzake inazama katikati, vidole vinaipita na utaapa mteja huyo hujawahi kumwandika.