Kwako katibu mpya wa jumuiya

Tumsifu Yesu Kristo.

Najua umeshakabidhiwa daftari na kitabu cha stakabadhi. Nimekuwa katibu wa jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo, yaani majirani Wakatoliki wanaosali pamoja, hapa Dar es Salaam kwa miaka sita, na haya ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia siku nilipokabidhiwa la kwangu.

Mwaka wa kwanza nilikuwa hodari wa mahudhurio. Kila Jumamosi alfajiri, sala ikiisha, niliita majina: vema kwa aliyekuwepo, mkato kwa asiyekuwepo. Kulikuwa na bibi mmoja mjane, amepanga chumba cha uani, hakuwa mtu wa kukosa. Nikamwekea mkato wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wiki ya nne mwenyekiti akaniuliza, "Bibi yuko wapi?" Nikajibu, "Hayupo." Akarudia taratibu, "Mwanangu, nimeuliza yuko wapi."

Tulikwenda saa ileile. Tulimkuta kwenye mkeka, mguu umevimba hadi gotini, ndoo ya maji imekauka mlangoni. Mjukuu aliyekuwa akimchotea maji alikuwa amerudi shule ya bweni. Kutoka pale tulipokuwa tukisali hadi mlangoni kwake hazifiki hatua hamsini. Ile ndoo sijaisahau mpaka leo.

Soma Matendo ya Mitume sura ya 6 kabla hujaanza kazi. Manung'uniko yalizuka kwa sababu wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuishia kuwatuliza watu kwa maneno. Waliwaambia waumini wachague watu saba wenye kushuhudiwa wema, Stefano akiwa mmojawapo, wakakabidhiwa jambo hilo. Kanisa lilikuwa bado changa kabisa, na tayari kulikuwa na mjane anayerukwa. Kwa hiyo usidhani kwenu hayupo.

Maaskofu Wakatoliki wa AMECEA, umoja wao wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976, waliweka ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Sababu yake utaiona mwenyewe. Parokia ya mjini ina maelfu ya waumini. Paroko akiwa altareni hawezi kujua nani amekosekana kwenye benchi la nyuma. Jirani anajua. Anajua taa haijawaka tangu juzi, anajua mtoto anakohoa usiku.

Jumuiya nyingi hutumia Hatua Saba za kushirikishana Neno, zilizotoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Tunazipenda zile za mwanzo: kumkaribisha Bwana, kusoma Injili, kurudia maneno yaliyotugusa, kukaa kimya, kushirikishana. Ikifika ya sita, ya kuulizana Neno hili linatutuma kufanya nini, watu wameshaanza kuangalia saa, kuna wa daladala na kuna wa sokoni. Hapo ndipo nakusihi uwe king'ang'anizi. Usikubali "tuwakumbuke wagonjwa." Uliza: mgonjwa gani, nani anakwenda, siku gani? Andika majibu, na Jumamosi inayofuata anza kwa kuyasoma. Kwetu kipengele hiki kilichukua karibu mwaka mzima kuzoeleka, na mimi ningekubali kupunguza nyimbo mbili kuliko kukiruka.

Michango utaikusanya, ni sehemu ya kazi. Ila majina ya wanaodaiwa usiyasome mbele ya watu. Nimeona baba mwenye familia akiacha kuja kwa sababu ya shilingi elfu tano. Mfuate kwake jioni, mkae, umsikilize kwanza.

Vivyo hivyo barua ya utambulisho, ile ambayo jumuiya humwandikia muumini aipeleke parokiani. Mtu anakuja anataka mtoto abatizwe na hujawahi kumwona. Kabla hujamuuliza alikuwa wapi, jiulize kama kuna aliyewahi kubisha hodi kwake tangu ahamie. Wapangaji huhamahama, walinzi na wauguzi wanatoka zamu muda ambao ninyi mnasali. Sisi tulianza kukutana Jumapili jioni mara moja kwa mwezi kwa ajili yao, tukapata kaya nne tulizokuwa tukidhani ni za watu wasiojali.

Na msiba ukitokea, nenda mapema. Jirani zako Waislamu mara nyingi watakuwa wameshafika, wanafunga turubai na kupanga viti. Shika kamba mfunge pamoja, na wao wakifiwa uwe wa kwanza kufika.

Mimi kwenye daftari langu nilichora safu moja zaidi baada ya ile ya mikato, juu yake nikaandika "Yuko wapi?" Kwenye lako utaona mama wa nyumba yenye mwembe ana mikato miwili mfululizo, na safu hiyo bado iko wazi. Mpitie leo jioni, kabla giza halijaingia.