Sukari ya ofisini haiibiwi, inachotwa vibaya

Mleta mada, umesema mko watu 12, mnanunua kilo 2 za sukari kila Jumatatu na ikifika Alhamisi jioni kopo ni tupu. Sasa dada wa usafi ananyooshewa kidole, nawe unataka kuweka kufuli kwenye kabati. Kabla ya kufuli piga hesabu, maana hapo mtu anaweza kupoteza kibarua kwa kosa la kijiko.

Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu 4 hivi za sukari. Kikijaa mpaka sukari ikasimama juu, kinafika 7 au zaidi. Tuseme kila mtu anakunywa vikombe 2 kwa siku na kutia vijiko 3 kila kikombe. Hivyo ni vijiko 72. Kwa kijiko cha sawasawa mnatumia gramu 288 kwa siku, chini ya kilo moja na nusu kwa siku tano. Kwa kijiko cha kujaa ni gramu 504, na kilo 2 zinakwisha siku ya nne. Alhamisi jioni, kama ulivyosema.

Kinachoharibu zaidi ni vijiko vya chai kupotea. Vinabaki kwenye droo za mezani, vingine vinatupwa pamoja na pakiti za majani na maganda ya ndizi. Vikiisha, watu wanachota kwa kijiko cha kulia wali, ambacho kinabeba karibu mara tatu, na mkono umeshazoea kuhesabu vitatu. Kwa hiyo nunueni dazeni moja ya vijiko vya chai vya bei rahisi, na kimoja kikae ndani ya kopo muda wote, kisitoke. Cha kuchotea si cha kukorogea. Kijiko chenye unyevu kikirudi kwenye kopo, sukari inaganda mabonge, na mtu akishindwa kulivunja bonge analitumbukiza zima kikombeni. Kwenye maziwa ya unga ni balaa zaidi, kopo zima linakuwa gundi.

Kilo zote mbili zisiwekwe hadharani siku moja. Toa ya kwanza Jumatatu asubuhi, andika tarehe kwenye kifuniko. Ikifika Alhamisi mchana, uchotaji uko sawa. Ikiisha Jumanne jioni, watu wanajaza vijiko. Ikiisha Jumatatu hiyohiyo, hapo ndipo uanze kuuliza maswali, na uulize wote, si mhudumu peke yake.

Kufuli halisaidii. Mwenye ufunguo akienda benki chai inasimama, na watu wanaanza kuficha sukari mezani kwao. Wiki haiishi sisimizi wako kwenye kibodi. Kopo lenye mfuniko wa kukaza linatosha, na sisimizi wakizidi liweke katikati ya sahani yenye maji kidogo.

Mchango ugawanyike mara mbili: sukari, majani na maziwa walipe wanywaji, sabuni, sponji na tishu walipe wote. Asiyekunywa chai akilazimishwa kulipia sukari, ugomvi hauishi. Maziwa ya boksi nunueni ya nusu lita, yamalizike siku yanapofunguliwa. Boksi la lita likisahaulika nje ya friji kwenye joto la Dar, kesho yake ni mtindi usioombwa.

Birika kuzima kabla maji hayajachemka, kama ulivyotaja, mara nyingi ni ukoko mweupe wa maji ya kisima. Unaziba joto lisipande kwenye maji, kitako kinapata moto kupita kiasi na swichi ya usalama inakata. Tia siki na maji nusu kwa nusu mpaka ukoko ufunikwe, usijaze kwa sababu inatoa povu. Chemsha, acha nusu saa, mwaga, sugua kwa sponji laini, kamwe si steelwire. Halafu chemsha maji matupu mara mbili na kuyamwaga, la sivyo chai ya kwanza itanuka siki.