Kabla hujainunulia Land Rover ya zamani winchi

Kila kiangazi kikikaribia napata ujumbe wenye picha ya gari. Mtu amebahatika kupata Land Rover ya zamani, ameipenda kwa moyo wote, anataka kuanza kulala porini na familia, na swali lake huwa lilelile: nianze na winchi au na hema la kufunga juu? Namjibu kwa swali: mkanda wa taimingi, ule unaoendesha vali za injini, ulibadilishwa lini? Wengi hawajui. Aliyewauzia hakusema, nao hawakuuliza.

Ya kwetu ni One-ten (Land Rover Defender 110) ya mwaka 1997, injini ya dizeli ya 300Tdi, tuliyoichukua ikiwa imeshatumika miaka mingi kwenye kazi za misheni. Huu ni mwaka wa kumi na moja iko nasi hapa Arusha, na tumelala nayo Natron, Eyasi, Mkomazi na kwenye makorongo kadhaa ambayo hatukupanga kulala. Naandika haya kwa sababu naona watu wanaweka pesa nzuri mahali pasipostahili, halafu gari linawashinda na wanalichukia. Gari la umri huu likienda porini huuawa na joto na uzito. Anza na hayo mawili.

Silinda hedi ya 300Tdi ni ya aluminiamu. Injini ikichemsha vibaya mara moja tu, hedi inapinda, na hapo ni kuishusha, kuipeleka mashineni kusawazishwa, gasketi mpya na siku kadhaa za gereji. Kinacholeta balaa hilo mara nyingi huanza polepole. Ya kwetu ilikuwa inakunywa kama kikombe kimoja cha maji kwa wiki na chini ya gari hapakuwa na tone. Nikaambiwa ndivyo yalivyo magari makuukuu. Sivyo. Fundi mmoja mzee aliniomba nimmulikie tochi, akanionyesha mchirizi mweupe wa kulanti (maji ya dawa ya kupozea injini) iliyokauka, umeteremka nyuma ya chuma kinachobeba pampu ya stelingi. "Hapo ndipo inapolia, dada," akasema. Kuna gasketi ndogo pale yenye umbo la herufi P. Ikichoka, maji yanachuruzika taratibu na kukaukia palepale kwa joto la injini kabla hayajafika chini. Gasketi yenyewe ni ya bei ndogo. Kazi ni kuifikia, kwa hiyo ukishafungua huko badilisha na wota pampu hapohapo.

Mwezi huohuo tulibadilisha mipira yote ya rejeta, tukazibua rejeta yenyewe, na tukang'oa vile vizibo viwili vya plastiki, kimoja juu ya rejeta na kingine juu ya nyumba ya themostati (vali inayozuia maji hadi injini ipate joto), tukaweka vya shaba. Vya plastiki vikizeeka vinapasuka mkononi siku unayotaka kutoa upepo kwenye mfumo wa maji, na siku hiyo huwa uko mbali na duka. Kisha tukafunga kengele ya maji: kihisio kidogo kwenye tangi la akiba la kulanti, waya mmoja hadi kwenye dashibodi, inalia maji yakipungua. Ukiniuliza ni nyongeza gani moja ningeiweka kwenye gari hili kama ningeruhusiwa moja tu, ni hiyo. Mshale wa joto hautoshi, kwa sababu unapima maji. Maji yakishakwisha, kihisio chake kinabaki hewani, mshale unaweza kutulia pazuri tu huku hedi inaungua.

Na tafadhali usikubali kung'olewa themostati eti kwa kuwa nchi yetu ni ya joto. Nimeona mafundi wengi wakifanya hivyo kwa nia njema. Injini ya dizeli isiyofikia joto lake inajimaliza kila asubuhi ya baridi, na tatizo lililokuwa linachemsha gari linabaki pale pale. Vilevile usijaze maji ya bomba kila siku ukaita kulanti. Yanaila hedi kwa ndani.

Mkanda wa taimingi sitauzungukia. Kitabu cha gari kinatoa takriban kilomita 115,000 kwa matumizi ya kawaida, na nusu ya hapo kwa mazingira magumu ya vumbi na joto. Kwetu vumbi ni la kila siku, kwa hiyo hesabu nusu. Na kama hujui historia ya gari, hesabu sifuri: badilisha kabla hujatoka mjini. Baadhi ya 300Tdi zilitoka na puli zisizokaa kwenye mstari na mkanda ukawa unaliwa pembeni; kuna seti iliyorekebishwa, ulizia hiyo. Chini ya kasha la taimingi kuna tundu dogo. Ukichungulia au ukiingiza kidole ukakuta ungaunga mweusi wa mpira, usilisafirishe gari hilo.

Tundu hilohilo ndilo linalotakiwa kuzibwa kabla ya kuvuka maji ya kina, pamoja na lingine chini ya nyumba ya klachi. Baada ya kuvuka vizibo vitolewe, ili oili ikivuja ndani uione mapema badala ya kuloweka mkanda au klachi. Vizibo vyetu vimefungwa kwa waya kwenye kisanduku cha spana ili visipotee. Difu, yale matumbo ya gia kwenye ekseli, nazo zinapumua: ekseli iliyopata moto ikizama ghafla kwenye maji ya baridi inavuta maji ndani kupitia oili sili. Tulirefusha mipira ya vipumulio hadi ndani ya boneti, kazi ya asubuhi moja. Kabla ya hapo nilishawahi kufungua nati ya difu ya nyuma baada ya masika na oili ikatoka rangi ya chai ya maziwa.

Sasa uzito, ambao ndio kosa langu kubwa. Mwaka wa pili tulichongesha keria ya kubebea mizigo juu ya paa. Bomba nene za chuma, wavu wa nondo, ngazi nyuma, imependeza kweli. Ilibebwa na wanaume wanne kuipandisha. Juu yake tukaweka tairi ya akiba, madumu mawili ya dizeli, matatu ya maji, hema na meza. Safari ya kwanza kushuka kwenda Ngaresero gari lilikuwa linayumba kila kona kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa kichwani, na mume wangu aliliendesha kwa spidi ya punda njia nzima. Tuliporudi niliona ufa kwenye mfereji wa mvua juu ya mlango, pale miguu ya keria inapokamata. Ufa wa urefu wa kidole, na vumbi limeshaingia ndani. Aluminiamu imechanika kwa kutikiswa.

Tuliiuza keria ile. Maji sasa yanakaa kwenye tangi bapa nyuma ya viti vya mbele, sakafuni, katikati ya magurudumu. Dumu moja tu la dizeli ya akiba, nalo linafungwa chini ndani, kwa kuwa tangi la gari lina karibu lita 80 na kwa mwendo wetu hiyo inatosha kwenda Natron na kurudi Mto wa Mbu. Juu linabaki turubai na magodoro. Hema ni la kawaida, la kusimika chini. Najua hema la juu lina raha yake, na mwenye gari lenye nguvu zaidi aweke. Lakini farasi 111 za injini hii zina kikomo, na breki za gari la karibu miaka thelathini zina kikomo zaidi. Kabla hujaongeza hata kilo moja, toa mafuta ya breki ya zamani yote, weka mapya, na kagua paipu za breki zinazopita juu ya ekseli ya nyuma, kwa maana tope hukaa hapo likaozesha.

Kwenye tairi nitasema jambo moja. Kitabu kinaelekeza upepo wa pauni 28 mbele na 48 nyuma gari likiwa na mzigo. Ukibeba hizo 48 kwenye njia ya rasta za vumbi, vile vituta vidogo vinavyofuatana, gari zima linapigwa na kila bolti inalegea. Sisi tukiacha lami tunashusha, kwenye mchanga hata hadi 18, tunakwenda polepole, na kompresa ndogo inajaza tukirudi. Kompresa, koleo, kamba nzuri na vipande viwili vya mbao ngumu vimetutoa kila mahali tulipokwama. Winchi hatujanunua.

Umeme. 300Tdi ina raha moja kubwa, haina kompyuta ya kukukatalia kuwaka. Ila inategemea waya mmoja, nao ningependa kila mwenye gari hili aujue kabla haujamkuta gizani. Tulikuwa kati ya Engaruka na Ngaresero, jua linazama, injini ikazima ghafla kana kwamba mtu amezima swichi. Tukadhani imevuta upepo. Nikapampu kwa ile wenzo ndogo ya pampu ya dizeli hadi kidole gumba kikavimba, dizeli inatoka safi kabisa pale kwenye filta, gari haliwaki. Saa nzima. Mwishowe binti yetu, aliyekuwa ameshika tochi, akauliza, "Mama, na huu waya unaoning'inia?" Ulikuwa ni waya wa solenoidi iliyo nyuma ya pampu kuu, ile inayoruhusu dizeli kupita. Kichwa chake kilikuwa kimekatika kwa mtikisiko. Nikaumenya kwa kisu, nikauzungushia, injini ikashika kwa mpigo wa kwanza.

Toka siku hiyo najua: injini ikififia taratibu huku ikikohoa, tafuta kwenye dizeli, ikikatika papo hapo, shika waya huo kwanza. Waya wa akiba wenye vichwa vyake uko chini ya boneti, umefungwa kwa utepe. Na ukitaka friji na taa za kambi, weka betri ya pili yenye rilei yake, yaani swichi inayoitenganisha na betri ya gari. Usiunge friji kwenye betri ya kuwashia gari hata kwa usiku mmoja.

Ukirudi kutoka Natron usilale kabla hujaosha gari chini. Vumbi la kule lina magadi, na Land Rover hizi zina bodi ya aluminiamu juu ya chesisi ya chuma. Vinapokutana vyuma viwili hivyo na chumvi katikati, kutu na unga mweupe havichelewi. Sisi tunasimama Mto wa Mbu, tunalipia maji mengi, na ninaomba mpira mwenyewe. Naingiza maji ndani ya ile boriti ya nyuma ya chesisi kupitia matundu yake mpaka yatoke maangavu, halafu ngazi za milango kwa chini, halafu sehemu za kuwekea miguu. Kesho yake grisi kwenye propela shafti zote mbili.

Mwezi huu bushi za nyuma zimeanza kugonga. Mpya zimeshafika, fundi anazifunga Jumamosi. Mkomazi tutapanga zikishakaa.