Usimbadilishe muuaji

SWALI: Nimepewa idhini na warithi nigeuze riwaya ya upelelezi ya zamani iwe tamthilia ya sehemu sita, hadithi ikitokea Mombasa mwaka 1954. Kitabuni muuaji ananaswa kwa sababu alidai amefika kutoka Maskati kwa jahazi mwezi wa Julai. Mshauri wangu anasema nimbadilishe muuaji ili waliokisoma kitabu washtuke, na kwamba mengine ni mavazi na magari tu. Nimfuate? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Usimfuate. Ushauri huu naletewa kila mara, na umeharibu skripti nyingi nzuri kabla hazijapigwa picha hata moja.

Riwaya ya upelelezi huandikwa kutoka mwisho kuja mwanzo. Mwandishi humjua muuaji kwanza, kisha ndiyo hutega dalili. Ukimtoa muuaji, dalili zote hubaki hazina mwenyewe. Chukua hiyo Julai yako. Majahazi ya Uarabuni yalishuka na kaskazi, upepo utokao kaskazini, baina ya Disemba na Machi, yakarudi kwao na kusi, upepo utokao kusini. Julai kusi imekaza. Anayesema tanga lilimleta kutoka Maskati mwezi huo amesema uwongo, na kila mzee wa Mji wa Kale angeujua papo hapo. Sasa mpe uuaji daktari au karani. Yule bwana alidanganya kwa nini? Itabidi umtungie sababu nyingine, na sababu hiyo itadai mashahidi wake. Kufika sehemu ya nne unaandika hadithi mpya, nayo haina aliyeipima.

Hapo ndipo mshauri wako anapokosea pia kuhusu zama. Mwaka 1954 si pambo. Uwongo huo una uzito kwa sababu chombo kilitegemea upepo. Kitie injini na kesi imekwisha.

Kazi yako ngumu ni nyingine: kitabu kinaweza kunyamaza, kamera haiwezi. Mwandishi huandika "mtu mmoja alipita uchochoroni" akaishia hapo. Wewe utamwonyesha mtu huyo, urefu wake na mwendo wake. Kwa hiyo dalili usiifiche. Ionyeshe waziwazi wakati mtazamaji ameshughulishwa na jambo jingine. Katika sehemu ya kwanza mkalishe mpelelezi barazani akibishana na karani juu ya deni. Nyuma yao Bandari ya Kale i wazi, hakuna mlingoti mrefu hata mmoja. Muuza kahawa anawamiminia, huku akilalamika kwamba wageni wa kaskazi wameshaondoka na biashara imelala. Mtazamaji atasikiliza deni. Safari ya Maskati itajwe sehemu ya tatu, kwa kupita tu, na usiwarudishe watu bandarini kuwakumbusha. Watu wa Lamu watamgundua muuaji mapema, na hilo si kosa, waache wajisifu.

Magari na kanzu utapata wa kukusaidia. Angalia zaidi yale yanayogusa kesi: mwaka huo Fort Jesus ilikuwa bado gereza (iliacha kuwa gereza 1958), kwa hiyo mashahidi wako hawawezi kukutana humo kwa matembezi.

Kwa wote wanaotaka kuingia kazi hii: jihadharini na wanaouza skripti ya wiki moja. Hawakisomi kitabu hadi mwisho. Wananakili mazungumzo, wanaweka msimulizi aseme yaliyowashinda kuonyesha, kisha wanaongeza muuaji wa kushtukiza. Kabla ya kutoa malipo ya awali, mwambie huyo muuza skripti akuandikie kila dalili: imeonekana wapi, nani ameiona, inafumbuliwa wapi. Akishindwa, shika pesa zako.

Wengine huwaambia kwamba kitabu kilichoadimika madukani ni cha bure. Si kweli. Kenya, hakimiliki hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Muhammed Said Abdulla, aliyetuletea mpelelezi Bwana Msa katika *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960, alifariki 1991. Kazi zake zinalindwa hadi mwisho wa 2041. Na hata mwenye idhini hana ruhusa ya kila kitu. Sheria inampa mwandishi haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa kwa namna ya kumvunjia heshima, na akishafariki haki hiyo huwaendea warithi. Soma mkataba wako uone kama unakuruhusu kubadilisha hadithi. Mkataba usiposema lolote, warudie warithi wakuandikie kabla hujalipa mtu mwingine.